Kabla hujauza mpunga ili mwanao awe rubani

Mwezi uliopita nilikuwa Kagongwa, kwenye eneo la mashine za kukoboa mpunga. Nilikwenda kwa habari nyingine kabisa, ya vumbi la pumba na vifua vya vijana wanaobeba magunia. Mama mmoja anayefanya biashara ya mchele aliposikia kwamba naandika mambo ya afya gazetini, alinivuta pembeni. "Mwangaluka mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma changu cha kuungaunga. Akacheka, kisha akatoa jambo lake.

Binti yake yuko kidato cha tatu. Fizikia anaipenda, hesabu anaziweza, na tangu akiwa mdogo anasema atarusha ndege. Mama ameweka mpunga ghalani akisubiri bei ipande, na ana kiwanja upande wa Kahama. Kuna kijana amemletea kipeperushi cha chuo chenye picha ya msichana aliyevaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nikiuza vyote hivi, atapata kazi?"

Nilimuuliza, "Mama, ameshapimwa macho?"

Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda Isaka akaambiwa habari za mvua. Lakini sikuuliza kwa kukwepa. Nyumbani kwetu tulikosea hapo hapo.

Binamu yangu alikuwa na miaka 20 alipopelekwa kusomea urubani nje ya nchi. Mjomba aliuza ng'ombe, akauza shamba la mpunga, akakopa kwa ndugu. Chuo kile kilipokea ada ya awali kwanza na kumpima mwanafunzi baadaye. Wiki ya pili daktari alimfungulia binamu kitabu chenye kurasa zilizojaa madoadoa ya rangi, akamwambia asome namba iliyo katikati. Yeye hakuona namba. Aliona madoa tu, ukurasa baada ya ukurasa. Ndipo ilipojulikana kwamba hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na kwamba amekuwa hivyo tangu kuzaliwa. Alirudi nyumbani kabla hajashika usukani wa ndege hata siku moja. Sehemu kubwa ya ile ada haikurudi, na shamba nalo lilikuwa na mwenye nalo tayari.

Kitabu kile kinaitwa Ishihara, kwa jina la daktari wa Japani aliyekitoa mwaka 1917. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na kliniki nyingi za macho wanacho. Dakika chache ambazo tungeweza kuzitumia kabla ya kuuza ng'ombe.

Nimeanza na habari hii kwa sababu wazazi wengi wakiniuliza kuhusu urubani huanza na ada, kisha chuo, kisha kazi. Afya huja mwishoni, kama karatasi ya kugonga muhuri. Kwenye kazi hii mambo yamegeuzwa. Rubani wa biashara hawezi kutumia leseni yake bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Viwango vinafuata vile vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwa hiyo mtoto wa Kagongwa na mtoto wa Nairobi au Muscat wanapimwa kwa mizani inayofanana. Na cheti hakitolewi mara moja ukamaliza. Kwa kawaida hurudiwa kila miezi 12, na umri ukisogea baadhi ya marubani hupimwa kila miezi 6. Kwa hiyo hata aliyekwisha ajiriwa, afya yake ikiyumba, ajira nayo inayumba.

Ushauri wangu kwa yule mama, na kwako mzazi unayesoma, ni kwamba kipimo cha daraja la kwanza kifanyike kabla ya ada yoyote ya chuo kulipwa. Mtoto akiwa bado mdogo kwa kipimo hicho, anza na yale yanayopimika hapa karibu.

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yenye uvumi mwingi. Watu husema mwenye miwani hawezi kuwa rubani. Si kweli. Kinachotakiwa ni kwamba kila jicho lifikie kiwango cha kuona mbali cha 6/9 au zaidi, na yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Marubani wengi wanavaa. Ninachokiogopa mimi ni kinyume chake: mtoto anayehitaji miwani tangu darasa la tatu na haipati, anakaa nyuma darasani, haoni ubao, anafeli hesabu, na sisi tunasema hana akili. Mtoto mwenye makengeza naye apelekwe mapema, akiwa bado hajafika miaka saba hivi, kwa sababu jicho lililopinda linaweza kuzoea kutotumika, na likishazoea ni vigumu kulirudisha ukubwani. Na tafadhali, dawa za majani za kudondosha machoni ziachwe. Zinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho ambalo hakuna miwani itakayoliondoa.

Kuhusu rangi, urubani una sababu ya kuwa mkali. Bawa la kushoto la ndege lina taa nyekundu, la kulia lina ya kijani, na usiku hizo ndizo zinazomwambia rubani ndege nyingine inaelekea wapi. Redio ikikatika, mnara wa kuongozea ndege humwashia rubani taa ya kijani au nyekundu, na yeye anatakiwa ajue papo hapo kama ameruhusiwa kutua au la. Tatizo hili liko zaidi kwa wavulana. Mvulana hulirithi kupitia kwa mama, ambaye mara nyingi mwenyewe anaona rangi zote sawasawa na hana habari. Kwa binamu yangu jambo hilo lilimletea mama yake maneno ya ukoo, kana kwamba alimficha mtu kitu. Hakuficha. Hakuna mama anayechagua kinasaba cha kumpa mwanaye. Ukiona mtoto wa kiume anachanganya nyanya mbichi na zilizoiva, au penseli za rangi darasani, mpeleke akapimwe. Usitegemee picha za kwenye simu; kioo cha simu hubadilisha rangi.

Masikio tunayasahau, na hapa kwetu tuna ya kujieleza. Nenda Kagongwa msimu wa mavuno uone watoto wanaoshinda pembeni ya mashine za kukoboa, wengine wakiokota chenga, wengine wakisaidia wazazi. Kelele zile za kutwa nzima, siku baada ya siku, zinaua usikivu polepole na hazirudishi. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara tunaliona jambo la kawaida la utotoni, tunaweka pamba, tunaendelea na shughuli. Hilo ni ugonjwa, linatibika, na likiachwa linaweza kutoboa ngoma ya sikio. Kuna pia sindano za kununua dukani bila kupimwa: dawa kama gentamicin inaweza kudhuru masikio isipotolewa kwa uangalizi. Rubani hupimwa usikivu kwa mashine, sauti moja baada ya nyingine, na huko huwezi kubahatisha.

Kwa wanaoishi jirani na uchenjuaji wa dhahabu, kuanzia vijiji vya Kahama na Msalala hadi Geita, nina neno moja la zebaki. Moshi wa zebaki inapochomwa kutenganishwa na dhahabu hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Mikono kutetemeka, kumbukumbu kupungua. Usichomee nyumbani, wala kwenye sufuria ya chakula, wala mtoto akiwa karibu. Hilo ningelisema hata kama hakuna mtoto anayetaka kurusha ndege.

Sasa nirudi kwa mama wa mchele. Tulipokuwa tukizungumza alinitajia jambo kwa sauti ya chini. Binti yake akiwa na miaka miwili alipata degedege. Mara moja, na homa kali. Walimkimbiza zahanati, akapewa dawa ya malaria, akapona. Jambo halikurudi tena. Lakini kwenye daftari la matibabu, ambalo mama amelitunza hadi leo, mhudumu aliandika neno moja: kifafa. Mbele yake ameweka alama ya kuuliza.

"Nilichome?" aliniuliza.

Nilimwambia asilichome. Na hapa naomba mzazi usome taratibu.

Kifafa hufunga mlango wa urubani wa biashara. Mtu anayeweza kupoteza fahamu bila taarifa hawezi kuachiwa abiria 70 angani, na sidhani kuna mzazi atakayebisha. Lakini degedege la homa si kifafa. Huwapata watoto wengi wa kati ya miezi sita na miaka mitano joto la mwili linapopanda, na kwa kawaida humalizika ndani ya dakika chache. Wengi wao hukua bila tatizo lolote, na degedege la namna hiyo la utotoni, peke yake, kwa kawaida halimzuii mtu kupata cheti. Malaria kali iliyopanda kichwani, mtoto akapoteza fahamu kwa muda mrefu, ni jambo jingine. Hiyo inaweza kuacha kovu kwenye ubongo na kuleta kifafa baadaye. Vivyo hivyo mtoto anayeanguka baada ya miaka mitano, au anayeanguka bila homa. Huyo achunguzwe na daktari, na si kwa ajili ya urubani tu. Kifafa kina dawa, na mtoto anayezitumia vizuri anasoma na kufanya kazi nyingine nyingi.

Tatizo ni neno lililoandikwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na wagonjwa 60 mlangoni. Neno hilo halisahihishwi kwa kuchoma daftari. Linasahihishwa kwa kwenda hospitali ya rufaa, kama Bugando pale Mwanza, mtoto akaonwa na daktari bingwa, akaulizwa mama aliyeona tukio kwa macho yake, ikibidi akafanyiwa kipimo cha umeme wa ubongo, kisha daktari akaandika alichokikuta. Karatasi hiyo ndiyo ya kutunza. Fomu ya afya ya rubani inauliza wazi kama mwombaji amewahi kupata degedege au kuzimia. Akidanganya na ikaja kugundulika, atakuwa amepoteza leseni na heshima pamoja, pengine akiwa na miaka 30 na familia.

Seli mundu nayo ni jambo letu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambako ugonjwa huu umeenea sana, na kuna vijana wanafika chuoni hawajui kama wana kinasaba chake. Mwenye ugonjwa wenyewe kwa kweli urubani wa biashara ni mgumu kwake: ndani ya ndege kubwa hewa huwekwa kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na rubani anashinda humo. Lakini aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye haumwi, hazuiwi kwa sababu hiyo pekee. Zamani hali haikuwa hivyo kila mahali. Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa vijana wenye kinasaba hicho hadi mwaka 1981, wengi wao weusi, ndipo kikaacha. Damu ipimwe, majibu yajulikane. Yatamsaidia kijana hata siku ya kutafuta mchumba, kwa sababu wazazi wawili wenye kinasaba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake alizaliwa na virusi vya Ukimwi, anakunywa dawa na ana nguvu zake: usimwambie kwamba ndege basi. Viwango vya ICAO havisemi kwamba kila mwenye virusi akataliwe. Vinataka achunguzwe kwa kina na ionekane hali yake haitaathiri kazi. Njia ni ndefu, lakini usiifunge wewe.

Bangi na pombe sihitaji kueleza sana. Kijana anayevuta leo kwa mchezo ajue kwamba dawa za kulevya na urubani havikai nyumba moja.

Suala la msichana lilijitokeza pia, kwa sababu baba mdogo wa binti alikuwa pale mashineni na alikwisha toa hukumu yake. Nilimtajia Irene Koki Mutungi, jirani yetu wa Kenya, mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Kenya Airways, ambaye mwaka 2014 alikuwa nahodha wa Boeing 787 Dreamliner. Baba mdogo akasema, "Huyo ni Mkenya." Nikamwacha.

Shuleni, fizikia, hesabu na Kiingereza ndiyo nguzo. Akifaulu kidato cha nne, tahasusi kama PCM au PGM zinamweka mahali pazuri, na hata asipopata urubani zinamfungulia uhandisi wa ndege, uongozaji wa ndege na mengine. Kiingereza kisichukuliwe kwa mzaha. Kina ngazi sita za kimataifa kwa marubani, na asiyefika ngazi ya nne haruki safari za kimataifa. Hakipimwi kwa sarufi ya ubaoni. Kinapimwa kwa kusikia na kujibu, kupitia redio yenye mikwaruzo, mtu akiwa na haraka. Kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, miaka ya sekondari ndiyo ya kuzoea kuongea bila aibu.

Kuhusu vyuo niliwaambia wote wawili jambo ambalo nadhani lilimkera yule kijana wa kipeperushi. Chuo kikiwa na neno la usafiri wa anga kwenye jina lake haina maana kinafundisha kurusha ndege. Vingi vinafundisha uhudumu wa ndani ya ndege, ukataji tiketi na shughuli za uwanjani. Ni kazi za heshima, ila si urubani. Kabla ya kulipa, uliza TCAA kama chuo kimeidhinishwa kutoa mafunzo ya urubani, na cha nje ya nchi kama leseni yake itatambulika nyumbani na kwa masharti gani. Hapa nchini, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, cha Mabibo Dar es Salaam, kimekuwa kikijengewa uwezo wa mafunzo ya anga kupitia mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia. Waulize hao kwanza.

Ada ni makumi ya mamilioni, na ukifuata hatua zote hadi mtoto awe na sifa ya kuajirika unaweza kuvuka shilingi milioni 100. Leseni ya rubani binafsi inaanza miaka 17 na saa 40 za kuruka. Ya biashara inaanza miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Na hapo ndipo wazazi wengi hudhani safari imeisha. Tangu mwaka 2016 tumeona Air Tanzania ikipokea ndege mpya, Q400, kisha Dreamliner, Airbus A220, baadaye 737 MAX, na mtoto anaona ataingia humo moja kwa moja. Kijana mwenye saa 200 mara nyingi huanzia ndege ndogo, Caravan ya injini moja, kwenye kampuni kama Auric Air iliyoanzia Mwanza, akipeleka watalii Serengeti. Leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Wapo wanaomaliza chuo na kukaa nyumbani miaka miwili wakitafuta nafasi ya kwanza, na huku cheti cha afya na mazoezi vinaendelea kudai fedha. Kwa hiyo usiuze kila kitu kwa ajili ya chuo. Bakiza cha kumsukuma kipindi hicho, kwa sababu aliyeacha kuruka kwa kukosa fedha ni mgumu kuajirika kuliko aliyetoka mazoezini wiki iliyopita.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, akiandika nyuma ya karatasi ya mizani. Alichoandika ni mistari miwili tu, nikachungulia: macho, Kahama, degedege, Bugando.

Juzi alinipigia simu. Macho ya binti yako sawa, rangi zote kaziona, ila anahitaji miwani kidogo kwa ajili ya ubaoni. Bugando wamepangiwa tarehe, wanakwenda shule zikifungwa, na daftari lile la zamani analo kwenye mkoba. Kijana wa kipeperushi amerudi mara mbili kuulizia malipo. Nikamuuliza na mpunga je?

"Uko ghalani, mwanangu. Bei yenyewe bado haijapanda."